Hizo picha za maboga ulizoziona, mdogo wangu

Mdogo wangu, voisi yako ya dakika nne nimeisikilizia kwenye paking ya kazini, nimeirudia mara mbili. Eti dada huko Marekani mnakula bata, wageni kila wiki, watoto mnawanunulia nguo za laki mbili za kwendea kuomba pipi kwenye hiyo Halloween, sikukuu ya kuvaa vinyago, ada ya mwanangu ndo unaniambia subiri mwezi ujao. Na mjomba naye akadandia hapo hapo kwenye grupu, eti tunaabudu mashetani. Mjomba nitamjibu siku nyingine, tuanze na wewe.

Nguo ya simba ya mpwa wako ni dola 4, mtumba. Manyoya ya kichwani nimeshona mwenyewe kwa uzi wa sweta, usiku, macho yanafumba. Na hiyo picha tulipigia sebuleni, maana huku Des Moines, mji wetu jimbo la Iowa, mwisho wa mwezi wa kumi baridi haina utani, ukitoka unamvalisha mtoto jaketi juu, basi simba kaisha, unaona mkia tu unaning'inia. Kalia njia nzima, kila mlango wanamuuliza we umekuwa nani, inabidi afungue zipu awaoneshe.

Hiyo jioni ya kuomba pipi wenyewe huku wanaiita Beggars' Night, usiku wa ombaomba, sikutanii. Mji uliianzisha 1938, vijana walikuwa wamezidi kuharibu vitu vya watu, wakaona bora watoto wapite nyumba kwa nyumba waseme utani ndo wapewe pipi. Yaani hata kuomba unachekesha kwanza. Sasa mpwa wako utani wao haujui, akamtegea mzee mmoja kitendawili, nyumba yangu haina mlango. Mzee kahangaika weee, kaambiwa yai, kacheka mpaka kashika ukuta, kampa chokoleti tatu. Angekuwa Kigoma angetutolea mji.

Mimi nyuma yao napiga hesabu. Ile jioni niliomba ruhusa kazini, na kazi yangu usipoingia hulipwi, masaa 8 kwa dola 17 ni 136, kama laki tatu na nusu za kwako. Kuwabadilisha wazee wa watu nepi usiku kucha, ndo hiyo hela. Kwa hiyo ada ya mwanao kweli niliitembeza mtaani kwa pipi, umepatia bila kujua, na imeniuma, na mwakani nitafanya tena maana wanangu jioni hawanionagi.

Wageni ni ndugu wa shemeji yako kutoka Omaha, watu saba siku nne, mchele wa mwezi mzima ukaishia hapo. Ningewafukuza ungekuwa wa kwanza kusema dada kawa mzungu. Gari uliyoiona ni ya majirani zetu Wakongo, walitupeleka shamba la maboga, unalipa kiingilio ukachume boga na boga nalo unalipia. Halafu wanalichonga macho, wanaweka taa, likioza jalalani. Moyo ukakataa, moja nikalipika na nazi ya kopo. Maji matupu, hata watoto walilikataa.

Sasa nisikie. Usikope kwa watu ukitegemea mimi. Nikisema mwezi ujao ni mwezi ujao, usinipitishie kwa Mama. Na usije huku kwa kufuata picha, utalia. Ila pasipoti shughulikia, mtu mzima hukai bila pasipoti. Nitumie akaunti ya shule, Ijumaa naweka nusu, moja kwa moja shuleni, sio kwako, tunajuana.

Picha naweka kwa ajili ya Mama, kila akipiga anauliza kama huku tunacheka. Ya simba mwoneshee kwenye simu yako, yake si kioo kimekufa, najua, nayo ipo kwenye foleni.