Kabla hujalipia programu ya tahajia, zima spika

Mkuu, usilipe. Umeandika kwamba darasa lako lina wanafunzi viziwi, baadhi yao wakiwa pia na ulemavu wa akili, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa programu yake "inatamka kila neno kwa ufasaha". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na michango ya wazazi ikaenda na maji.

Tulipoiwasha ndipo nilipotambua kwamba tulichonunua ni imla. Kompyuta ilitamka neno, ikaonyesha visanduku vitupu, ikasubiri. Mtoto asiyesikia naye akasubiri. Alipochoka alibonyeza herufi yoyote, na hapo likapasuka puto la katuni lililofurahisha kuliko kinyota kilichotolewa kwa jibu sahihi, basi wanafunzi wangu wakawa mabingwa wa kukosea kwa makusudi. Nilipompigia muuzaji simu alinishauri niongeze sauti. Niliongeza, na walionufaika ni majirani wa shule, ambao sasa bila shaka wanaandika "nyanya" bila kosa. Bwana yule alijua bei ya kila kitu, ila hakuwahi kujiuliza kiziwi atalisikiaje neno hilo.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, zima spika kabisa, kisha fanya zoezi zima wewe mwenyewe. Ukikwama popote kwa kukosa sauti, mrudishie mwenyewe. Usipokwama, kosea makusudi uone kinachotokea.

Sisi sasa tunatumia slaidi tulizotengeneza wenyewe: picha, video fupi ya mwalimu akitoa alama ya neno hilo kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, kisha neno lenyewe kwa maandishi makubwa. Neno hutoweka, mtoto huliandika kwa kukumbuka, kisha neno hurudi ili alilinganishe na alichoandika, herufi kwa herufi. Mwenye ulemavu wa akili hupewa maneno machache, yale yale, hadi yakae, na asipokumbuka huonyeshwa jibu baada ya sekunde chache badala ya kuachwa akibahatisha. Kikagua tahajia cha Kiingereza nacho kizimwe, maana hupigia mstari mwekundu hata neno sahihi la Kiswahili, na juu ya vitufe bandika herufi ndogo, kwa kuwa kibodi huonyesha kubwa ilhali skrini huandika ndogo.

Lakini anza na spika. Mwambie muuzaji akuonyeshe zoezi hapo hapo dukani, sauti ikiwa imezimwa, kabla hajafungua kitabu cha risiti.