Jibu: nywele ngumu kisha kuosha na maji ya ziwa

Yaya uliyeuliza juu ya nini nywele zinakuwa sawa majani makavu kila ukiosha na maji ya ziwa ya bido (jerikeni), na yule aliyekujibu eti ongeza mafuta ya nazi: mafuta si mbaya, yapake mbele ya kuosha, yanaingia vizuri. Lakini hiyo shida yako haimalize.

Mimi nasuka watu hapa Goma, Majengo, nywele za maji ya ziwa nazijua hata usiku courant ikikatika. Maji ya Kivu iko na bikaboneti na magnesiamu mingi, pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati) huku juu inafika karibu 9, ni alkali. Ukitia sabuni ya kufulia, magnesiamu inashikana nayo inakuwa uchafu mweupe, uangalie pembeni ya beseni utauona, na ule ule unabaki mu nywele. Tena maji ya alkali inainua magamba ya unywele, moja linashika lingine, chanuo haipite, unavuta weee mpaka zinakatika.

Kinachosaidia hapo ni behentrimoniamu, dawa ya kulainisha inayotiwa mu kondishena, ile ya kupaka kisha shampuu. Unywele uliolowa unakuwa na chaji hasi ya umeme, na pale paliungua na defriza (dawa ya kunyoosha nywele) ao rangi inazidi. Behentrimoniamu iko na kichwa cha chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta, kaboni 22, mara nyingi unatoka kwa kolza, mmea wa mafuta. Kichwa kinajibandika penye kuharibika zaidi, mkia unabaki nje ndio unateleza, njo maana hata ukisuuza haitoke yote.

Sasa geuza chupa ya kondishena usome nyuma, mbele wanaandikaka avoka na asali. Behentrimonium Chloride ao Behentrimonium Methosulfate ikae huku mwanzo, pamoja na Cetearyl Alcohol. Ikiwa nyuma ya Parfum, ulilipa harufu. Na hiyo Methosulfate isikutishe, zile sulfate za shampuu ziko na chaji hasi zinatoa mafuta, hii kazi yake ni kinyume kabisa, na Cetearyl Alcohol ni mafuta magumu kama nta, haiko alkoli ya kusafisha kidonda.

Osha na shampuu, suuza mpaka povu iishe kabisa juu shampuu ikibaki inashikana na hiyo dawa zote mbili zinakufa. Kamua maji, paka kuanzia ncha, chanua ikiwa bado kichwani, kuanzia chini unapanda. Kuna wateja wanalala nayo, hapana, ya kusuuza isuuzwe, ngozi inawasha, na machoni inauma vibaya. Maji ya mwisho ukipata ya mvua ni bora sana, ila ile ya kwanza inayoshuka na majivu ya volkano Nyiragongo iache ipite.

Tuma picha ya nyuma ya chupa yako hapa tuisome.