Maswali ya wasomaji: Roboti atatandika kitanda?

SWALI: Asalaam aleikum Anko. Mimi ni hauskipa hapa Nungwi, hoteli yetu ndogo tu, bangaloo 22. Juzi kwenye kikao cha asubuhi meneja katuonesha video ya roboti anapeleka chakula vyumbani huko China kipindi cha korona, akasema likija gonjwa jingine na sisi tutanunua maana hawa hawaumwi wala hawaombi ruhusa ya msiba. Wenzangu wakacheka ila mimi usingizi sikupata, 2020 nilikaa nyumbani miezi minne bila mshahara. Kweli wanafanya kazi yetu? Na anajuaje chumba ni kipi?
Hauskipa, Nungwi

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, pole kwa usingizi. Video za hivyo zilianza kuzagaa Januari 2020, kutoka Hangzhou, mji wa huko huko China. Kuna ndege ilitoka Singapore ikiwa na watu wa Wuhan ndani, kule korona ilikoanzia, basi abiria zaidi ya 200 wakapelekwa hotelini moja kwa moja kukaa karantini, na wa kuwapelekea msosi akawa roboti ambaye jina lake la Kichina ni kama sisi tungesema Kikaranga. Anapita koridoni na mashelfu yake ya chakula, anasimama mlangoni, anamwambia mgeni chakula hiki hapa, ukitaka kitu kingine watumie meseji WeChat (ni kama WhatsApp ya Wachina), huyo kaondoka.

Sasa wewe unayeijua koridoo piga hesabu mwenyewe. Ghorofa yenye vyumba ishirini, milo mitatu, hiyo ni milango sitini kwa siku na kila mlango kuna mtu anafungua labda anakohoa na barakoa kaiacha kitandani. Hapo roboti kasaidia kweli, wala sitabisha. Lakini nani kapika, nani kafunga vile vifurushi, nani kavipanga kwenye trei? Watu. Roboti kachukua kipande kimoja tu cha kazi, kile cha kwenye lifti mpaka mlangoni, ambacho ndio kilikuwa cha hatari.

Tokyo nako hivyohivyo. Mei 2020 walichukua mahoteli wakaweka wagonjwa wasiozidiwa, na hoteli moja mapokezi akasimamishwa Pepper, yule roboti mweupe mwenye macho makubwa kama ya mtoto, wakamvalisha na barakoa (roboti! barakoa!) anawapa wagonjwa moyo wakija kuchukua chakula chao. Hakubeba kitu yule. Mwenzie wa kufagia ndio alikuwa na faida, anaingia sehemu za wagonjwa ambazo mfagiaji angeogopa kukanyaga. Ila manesi walikuwepo, wenye miguu na damu.

Kuhusu chumba anakijuaje: kwanza anazungushwa hotelini mpaka achore ramani yake kichwani, kisha mhudumu anaweka mzigo kwenye kisanduku, anabonyeza namba ya chumba, kifuniko kinajifunga. Njiani anatumia leza na kamera asigonge watu. Lifti haibonyezi maana mikono hana, anaongea nayo kwa waifai. Akifika simu ya chumbani inalia, mgeni akifungua mlango kifuniko kinafunguka, akishachukua jamaa anarudi kwenye chaji. Hawa wa hivi wapo hotelini Marekani tangu 2014, yaani korona iliwakuta kazini, ila ndio iliyowapa umaarufu. Na huku Afrika, Hotel Sky ya Sandton, Johannesburg, iliwaweka watatu, Lexi, Micah na Ariel, wa kupeleka vitu vyumbani na kubeba mabegi hadi kilo 300, kwa hiyo mgeni mwenye hofu aliweza kukaa bila kukutana uso kwa uso na mhudumu.

Umesoma vizuri hapo? Lifti, waifai, sakafu laini. Sasa mwambie meneja wako kwa heshima zote amuweke huyo roboti kwenye njia yenu ya mchanga saa ya vuli tuone. Sitanii, kuna hoteli ya Kijapani iitwayo "Henn na Hotel", ipo Nagasaki, ilifunguliwa 2015 kama hoteli ya kwanza duniani ya kuhudumiwa na maroboti, mapokezi kulikuwa na roboti wa umbo la dinosaria wa kukuandikisha. Wale wa mabegi wakawa wanafika vyumba kama ishirini na kitu tu kati ya zaidi ya mia, sababu wanataka sakafu tambarare na wakilowa na mvua wanaharibika. Mpaka kufikia mwanzoni mwa 2019, kati ya maroboti 243 zaidi ya nusu walishaondolewa, maana binadamu walikuwa wanashinda kuwahangaikia wao badala ya wageni. Kwa hiyo hawaombi ruhusa ya msiba sawa, ila fundi wanamtaka.

Na kitanda? Hakuna hata mmoja kati ya hao niliowataja anayetandika. Mimi nilifanya hauskipingi miaka mitatu kabla ya haya ya kuandika, vyumba kumi na nne kwa shifti, ninajua ile ya kunyanyua godoro kona kwa goti huku shuka umeibana na kidevu, halafu unakunja taulo mbili ziwe bata wawili wanabusiana na katikati unaweka ua la asumini. Na unafungua droo unakuta mgeni kasahau pete. Hiyo mashine ya kukunja bata bado sijaiona.

Ile miezi yako minne, dada, haikuchukuliwa na roboti. Ndege zilisimama wageni hawakuja, basi. Hoteli isiyo na wageni haina kazi hata kwa Kikaranga. Kwahiyo kikao kijacho ukipata nafasi usiulize habari za maroboti, uliza likija gonjwa jingine mshahara wa anayeambiwa akae nyumbani unakuwaje, na glavu zitatosha au mtaanza tena kufua zile zile.

SWALI: Anko, nina loji ya vyumba tisa Arusha. Kuna jamaa anataka kuniuzia mashine ya taa, anasema ni roboti wa mionzi anaua virusi vya kila aina, mahoteli ya Ulaya na Marekani walitumia kipindi cha korona. Ninunue?
Mwenye loji, Arusha

JIBU: Walitumia ni kweli, Houston kule Marekani mfano, hoteli moja ya pale ilinunua mashine za hivyo 2020. Na mionzi inaua, tatizo inaua pale mwanga unapogonga tu, chini ya kitanda na nyuma ya pazia ni kivuli, kivuli hakiuliwi. Tena chumba lazima kiwe tupu maana ile taa inaunguza macho na ngozi. Halafu Aprili 2021 wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakasema ukigusa kitu chenye kirusi hiki uwezekano wa kuambukizwa ni chini ya mara 1 kwa 10,000, ugonjwa wenyewe unasafiri zaidi kwa hewa. Kwahiyo hela hiyo kaweke madirisha yanayofunguka na nyavu za mbu, hata mgeni wa mwaka huu asiye na korona atakushukuru. Huyo jamaa mwambie utampigia.

SWALI: Anko eti ni kweli kuna roboti wa hoteli alikuwa anaamsha watu wanaokoroma? Mume wangu anabisha, na yeye ndio mkoromaji.
Mama Zuu, Mombasa

JIBU: Mwambie alipe dau. Ni kwenye ileile hoteli ya Nagasaki niliyoitaja juu, kila chumba kilikuwa na kidoli cha kuongea kando ya kitanda, jina lake Churi. Mgeni mmoja akikoroma Churi anadhani kaambiwa kitu, basi anamuuliza samahani sijakusikia vizuri, rudia tafadhali. Mtu anashtuka, analala, anakoroma, anaulizwa tena. Usiku kucha. Churi naye alikuwa kwenye lile kundi la walioachishwa kazi, mumeo asiwe na wasiwasi.