Jibu: Wanyama barabarani kati ya Makuyuni na Minjingu

Dada, umeuliza mfanye nini mkikutana na wanyama njiani, maana mnatoka Moshi kwenda Dodoma na Hiace mliyoigeuza ya kulala, watoto wakiwemo. Mpaka Arusha mjini msiwaze, hapo ni ng'ombe na bodaboda tu. Kazi inaanza mkishapita Makuyuni, kama kilomita 80 kutoka Arusha. Kuelekea Minjingu mnakatiza ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya wanyama kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Masika wanatawanyika, kiangazi wanarudi kufuata maji ya Mto Tarangire.

Twiga mmoja akivuka, usiondoke kwanza. Mwaka jana jioni nilimpisha mmoja, nikaingiza gia, mara ndama wake akachomoka kwenye migunga, miguu ikimtelezateleza juu ya lami, akasimama katikati ananitazama. Alikuwa karibu hadi nikaziona kope zake. Nikikumbuka, moyo bado unashtuka.

Tembo ni habari nyingine. Simama mbali, usipige honi, usiwamulike kwa taa kali, wala usizime injini. Akitanua masikio na kutikisa kichwa, rudi nyuma taratibu. Usipite kamwe kati ya mama na mtoto.

Na nawaomba sana, kipande hicho msikipite usiku. Laleni Arusha, mtoke kukishapambazuka. Watoto nao wasiwarushie nyani ndizi, hata wakililia dirishani. Nyani wakishazoea magari, ndio hao tunaowakuta wamegongwa.