Mizani ilikataa, mkanda ukakubali

Wiki sita nilitembea nusu saa kila siku, mwendo wa kuhema, na mizani ikanipunguzia nusu kilo tu. Nusu! Niliisukuma uvunguni kwa mguu, nikaapa sitembei tena.

Kilichonirudisha ni mkanda wa suruali. Asubuhi moja niliufunga kwenye tundu nililozoea, suruali ikateleza. Nikasogea tundu moja ndani. Nilipopima presha, namba ya juu iliyokuwa haitoki 148 ilisoma 134.

Kumbe mafuta hayafanani. Ya chini ya ngozi unaweza kuyafinya kwa vidole; mabaya zaidi ni yale ya ndani, yanayozingira ini na utumbo. Hayo ndiyo yanayoifanya insulini (homoni inayoitoa sukari kwenye damu) ishindwe kazi, sukari ikapanda, na presha ikafuata. Mazoezi huyapunguza hata pale uzito unapogoma kushuka. Tena msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini.

Kwa hiyo nunua futi ya fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, na usibane tumbo (mimi nilibana, nikajipunguzia sentimita nne za uongo). Kwa wanaume wengi hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 94, wanawake 80.

Sisemi uzito hauna maana. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa ya London waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa. Baadaye akapekua vipimo vya sare zao: madereva walikuwa wakipewa suruali pana zaidi kiunoni. Kitambi na kukaa kutwa vilikuwa vimeshapanda basi moja, na kuvitenganisha si rahisi. Magoti nayo hayadanganyi; mimi nilianza kwa kukimbia na kilo zangu zote, nikachechemea siku kumi. Anza kwa kutembea, ufikishe dakika 150 kwa wiki, na siku mbili uifanyishe misuli kazi nzito: kuchuchumaa na kuinuka kunatosha.

Jambo moja la mwisho, kwa wanaomeza vidonge. Nilipoiona ile 134 nikaacha dawa ya presha kimyakimya, bila kumwambia daktari. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimekaa tena mbele yake, nimefungwa kile kitambaa mkononi, na namba imerudi ilikotoka.