Barua kwa mwanangu: mteja ni yule yule

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti umenikuta gatini, winchi zinapiga kelele, ikabidi niusikilize tena nilipofika nyumbani. Unasema unamaliza shule ya sheria hapo Dar na wakubwa wako kazini wanakutaka uchague: ama sheria za meli, ama za uhamiaji, kwa kuwa meli zina pesa na uhamiaji una machozi. Unauliza mbona mimi, wakili huku Houston, Marekani, nimeshika vyote viwili miaka yote hii.

Kwa sababu mteja ni yule yule.

Baharia akiwa safarini ni mtu wa meli. Ngazi ikishagusa gati, keshakuwa mgeni. Huku anaingia kwa viza ya daraja la D. Ofisa wa uhamiaji anapanda, mnajipanga mesini, chumba cha kulia, na pasi mkononi, akiridhika anakupa kibali cha kushuka, kisichozidi siku 29. Hakigeuzwi kuwa kibali kingine ukiwa ndani ya nchi. Uoe Mmarekani, tena ndoa ya kheri yenye mashahidi na pilau, kwa kawaida hupewi ukaazi ukiwa hapa. Utoke ukaombe ubalozini. Na kama ulishakaa mwaka na zaidi bila karatasi, kule kutoka kunaweza kukufungia mlango miaka 10. Vijana wetu wa Mombasa na Unguja waliokimbia meli zamani wanakuja ofisini na watoto wakubwa, ndipo wanalisikia hili. Ni sheria katili, sioni jina jingine.

Sasa njoo kwenye mshahara. Sheria ya Marekani inasema mwenye meli akimcheleweshea baharia malipo yake bila sababu ya kutosha, atamlipa mshahara wa siku mbili kwa kila siku ya kuchelewa. Soma kesi ya baharia Griffin dhidi ya kampuni ya Oceanic Contractors, Mahakama ya Juu, 1982. Zilizuiliwa dola 412.50 tu, adhabu ikafika dola 302,790.40. Wanafunzi huipenda sana kesi hiyo. Mimi huwauliza: haya, na yule ambaye kibali chake kinaisha keshokutwa na meli inang'oa nanga kesho, atadai vipi? Kibali chenyewe kimefungwa na kuondoka kwake. Wakili anayejua meli peke yake atamwandikia madai mazuri, kisha mteja apandishwe ndege kabla hajasikilizwa.

Utaliona zaidi kwenye kesi za mafuta. Unajua mimi nilitoka chumba cha mashine, si juu kwenye usukani, na hapo ndipo bahari ilinifaa kuliko shahada. Maji machafu ya chini ya mashine lazima yapite kwenye mtambo wa kuchuja, yatoke yakiwa na mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Chujio zinagharimu, muda unabana, basi chifu injinia anaunganisha bomba la pembeni linalomwaga moja kwa moja baharini, usiku. Kisha anaandika uongo kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafuta. Bomba linafichwa, lakini flanji, pale mabomba yanapoungwa kwa boliti, inasema: boliti zote zina rangi nene ya miaka, mbili tatu zimekwaruzwa na spana. Mteja akinichorea hapo kwa kalamu najua kama alikuwepo au amesimuliwa.

Kwa meli ya bendera ya kigeni, iliyosajiliwa nchi nyingine, mara nyingi wanachoshitaki huku ni kile kitabu cha uongo kilicholetwa bandarini, kwani maji yenyewe yalimwagwa mbali huko. Mwenye meli anaweka dhamana, meli inaondoka. Mabaharia wanabaki hotelini kama mashahidi, mara nyingi kwa miezi, kwa ruhusa ya uhamiaji ambayo si viza. Aliyetoa siri anaweza kupewa na mahakama hadi nusu ya faini. Huyo ni mteja wa bahari au wa uhamiaji? Wakubwa wako wanijibu.

Nako huko kwenu hakuna tofauti kubwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 mwaka 2014, Tanzania 2019. Chini ya mkataba huo, baharia asiyelipwa miezi miwili anahesabiwa ametelekezwa, na bima ya meli inapaswa kumrudisha kwao na kumlipa hadi miezi minne ya mshahara. Lakini kurudi kwao kunahitaji pasi, na pasi iko kwenye kabati la mtu.

Kwa hiyo usichague. Wala huna haja ya kwenda baharini kama mimi. Magoti yangu yananikumbusha kila asubuhi. Nenda bandarini siku za kazi, omba kupanda, kaa mesini na mabaharia, kunywa chai yao mbaya, uliza mkataba uko wapi na nani anashika pasi.

Ile meli uliyoniambia imekwama nje ya Dar, nitumie nakala za mikataba yao Ijumaa, uandike pembeni pasi ziko kwa nahodha au kwa wakala. Bibi yako mpe salamu.

Baba