Luku ya pamoja imenitia adabu

Kama umewahi kupanga kwenye nyumba ya vyumba sita yenye luku moja basi we ni ndugu yangu hata kama hatujuani. Kuna watu wanaenda semina kujifunza uvumilivu na kuishi na watu, wanalipia kabisa, wanapewa kalamu na soda. Mi nimesomea bure kwenye kibaraza cha nyumba moja Arusha, maeneo ya Mbauda, na mwalimu alikuwa ni ile mita ya ukutani yenye taa ndogo nyekundu.

Kwa wachache ambao hamjawahi (najua mpo, wenye nyumba zenu), luku ni mita ya umeme unaolipia kabla ya kutumia, unanunua kwenye simu unatumiwa tarakimu 20, mmoja anabonyeza na mwingine anamsomea haraka haraka kama dalali wa mnada, akikosea moja mnaanza upya. Kama ni nyumba yako hapo mambo yameisha. Nyumba ya wapangaji ndo kwanza siasa inaanza.

Mwanzoni tulikuwa tunanunua kwa zamu, kila chumba elfu kumi. Ikaleta shida kwa sababu umeme wa elfu kumi ni uniti 28 hivi, ila anayenunua wa kwanza kwenye mwezi anakatwa na kodi ya jengo 1,500, ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba, anabaki na uniti kama 24. Kwa hiyo ikawa tarehe moja hakuna mwenye hela. Mtu mzima na mshahara wake kaingia jana anakwambia bado sijalipwa, mnakaa gizani kila mtu kajifungia ndani anasikilizia nani ataanza kukosa uvumilivu. Siku moja tumekaa giza hadi saa nne usiku kwa ajili ya 1,500, watu sita wenye akili zao timamu.

Nikaona hapana, hawa watu wanahitaji kiongozi. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikapendekeza michango, kila chumba elfu tano kabla ya tarehe tatu, mi ndo nakusanya, mi ndo nanunua. Inakuja elfu 30, ukitoa ile kodi mnapata uniti 80 hivi. Miezi ya mwanzo ilienda vizuri sana, mwezi unaisha na uniti zinabaki, nikaanza kujiona kama waziri wa nishati. Watu wakinisalimia asubuhi naitikia kwa sauti nzito.

Mwezi wa sita uniti zikaisha tarehe 19.

Tukachanga tena kwa manung'uniko. Mwezi wa saba hivyo hivyo, tarehe 19, usiku, kwenye baridi ile ya Arusha ambayo ukiamka unaiona pumzi yako mwenyewe. Sasa mi kichwani mshitakiwa nilikuwa naye tayari. Kuna mama mmoja wa chumba cha mbele, mtu mzima, anauza maji ya baridi na barafu za watoto, ana friji ya mlango mmoja inanguruma mchana na usiku. Nani mwingine? Mi nina balbu moja, redio na simu!

Saa tano usiku, nimelala na hasira, nikaandika kwenye grupu. Nakumbuka maneno yenyewe kwa sababu watu waliyapiga picha: "Ndugu wapangaji, kuna MTU humu ndani anafanya biashara kwa umeme wa wenzake. Hatutaji jina. Kesho saa moja jioni kikao, kila mtu ahudhurie." Nikaweka na kile kidole cha juu cha kuonya. Afu nikalala vizuri, nimeridhika.

Hapa naomba nitoe ushauri wangu wa kwanza kabla sijasahau. Ujumbe wowote unaoandika baada ya saa nne usiku wenye neno "ndugu wapangaji", au "ndugu wanafamilia", au "kuna mtu humu", usitume. Uandike, uusome, uende ukalale nao. Asubuhi ukiona bado una maana utume. Mi tangu hapo nimeandika kama saba na sijatuma hata mmoja, na hakuna kilichoharibika.

Kesho yake kikao. Nimefika wa kwanza, nimevaa koti. Nikawaeleza utaratibu niliousikia kwa fundi mmoja: ile taa nyekundu kwenye mita inapepesa kadiri umeme unavyoliwa, matumizi makubwa inapepesa haraka, matumizi madogo inapepesa polepole. Kwa hiyo kila mtu akazime kila kitu chumbani kwake, afu tuwashe chumba kimoja kimoja, mwizi ataonekana mwenyewe. Watu wakakubali, nikaona hata mama wa friji kakubali bila neno, nikasema moyoni leo ndo leo. Wote wakaenda kuzima. Mi sikwenda. Mwenyekiti wa kikao anaenda kuzima nini, balbu moja?

Wakarudi. Tukaangalia mita. Taa inapepesa kama imechanganyikiwa.

Fundi cherehani wa chumba cha nne akasema basi jirani kajiunganishia waya, hilo liko wazi. Tukatoka na tochi za simu, tukazunguka nyumba nzima tunapapasa ukuta, mi mbele, robo saa nzima tunatafuta waya wa jirani. Tulipofika upande wa nyuma, kijana wa mama wa friji, yuko kidato cha pili, akasimama akaniuliza kwa adabu kabisa, "Anko, mbona dirishani kwako kunatoka mvuke?"

Hita. Ile hita ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Nilikuwa nimeinunua mwanzoni mwa mwezi wa sita baridi ilipoanza, na jioni ile niliichomeka kabisa ili kikao kikiisha nikaoge. Wallahi sikuwa naihesabu. Kwenye akili yangu ile haikuwa kitu cha umeme, ilikuwa ni maji ya moto.

(Na wewe mwenye hita kama hiyo, kabla ya kugusa maji chomoa kwenye soketi kwanza, kuzima swichi tu usiamini. Na usiiache ukaenda kikaoni, maji yakipungua koili ikabaki nje ndoo ya plastiki inayeyuka, na ukuta unafuata.)

Nikaichomoa. Mita ikatulia, taa ikapepesa mara moja, ikakaa, ikakaa, ikapepesa tena. Kimya kile sitakisahau. Ningependa kuwaambia kwamba niliomba msamaha palepale kiume. Nilichosema ni, "Ila na friji nayo inakula."

Yule kijana akasema anko subiri, akaenda kuleta daftari la fizikia. Hita imeandikwa wati 1,500, akauliza unachemsha muda gani, nikasema kama dakika 40. Akaandika, akazidisha, akagawa, uniti moja kamili. Mara ngapi kwa siku? Hapo nilitaka kudanganya, ila fundi cherehani akanijibia, "Asubuhi na jioni, kila siku tunamsikia anaimba." Uniti mbili kwa siku, uniti 60 kwa mwezi, kati ya 80 za watu wote. Kwa bei yetu ni zaidi ya elfu 21, na mi nachangia elfu tano. Afu akawasha friji ya mama yake peke yake, akaipigia na yenyewe hesabu, ikaja kama uniti moja kwa siku. Akanyanyua kichwa na kutangaza matokeo: "Kwa hiyo anko ni friji mbili."

Mpaka leo naitwa Friji Mbili. Mwenye nyumba mwenyewe ananiita hivyo.

Sasa kitu ambacho nimekifikiria sana baada ya pale sio umeme. Ni kwamba nilikuwa mkweli kabisa. Sikuwa tapeli, niliamini kutoka moyoni kwamba naibiwa. Friji ya mama nilikuwa naisikia kwa sababu inanguruma, ila hita yangu haipigi kelele, na hata ingepiga mi nilikuwa naimba. Nikaanza kujiuliza kuna hita ngapi maishani mwangu. Kazini mi ndo nilikuwa nalalamika watu wanachelewa kujibu meseji, nikafungua simu yangu nikakuta ambazo sijajibu ni 43. Nyumbani nilikuwa namwambia dada yangu hanipigii. Mara ya mwisho mi kumpigia ilikuwa Pasaka. Nikasema yesu wangu, mi nimezidi hata friji mbili.

Kwa hiyo siku hizi nina kautaratibu kangu, kakijinga lakini kanafanya kazi. Nikishikwa na hasira na mtu kwamba ananimalizia kitu, iwe hela, muda au amani, kwanza nazima kwangu. Yani nazima kweli, wiki nzima naacha ile tabia yangu ninayoidhania ni ndogo, naangalia kama taa inapunguza kupepesa. Mara nyingine haipungui, na hapo najua kweli mwenzangu ana tatizo na naenda kuongea naye, tena ana kwa ana, sio kwenye grupu. Ila mara nyingi, jamani, inapungua.

Kuhusu kuomba msamaha nako nimejifunza kitu. Asubuhi yake nilibeba sukari kilo mbili nikaenda kugonga kwa mama, nimeandaa hotuba. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Kabla sijaanza akaniambia, "Hiyo sukari weka hapo, na uchukue nyama yako, nusu kilo, hii ni wiki ya pili iko humu inanizibia nafasi." Nilikuwa nimesahau. Nyama yangu ilikuwa kwenye friji ile ile niliyoiitishia kikao, nimemwomba mwenyewe aniwekee. Hotuba ikaishia hapo, nikachukua kifuko changu na barafu zake nikaondoka.

Kwa wanaoishi kama sisi, tumeacha kuchangia kwa kichwa. Geuza kila kifaa uangalie kimeandikwa wati ngapi, balbu na tivi msizigombanie, ni ndogo. Vya kuchemsha na kupasha ndo vya kutazama: pasi, hita, birika, jiko. Mwenye friji anaongeza kidogo, mwenye hita anaongeza kuliko mwenye friji, na mi nachangia zaidi ya wote na siongei. Kama mnaweza, fungeni mita ndogo kila chumba, mtaokoa urafiki.

Juzi imekuja bili ya maji, kubwa haijawahi kutokea. Fundi cherehani kashaandika kwenye grupu, "Kuna mtu humu anafua sana." Mi kimya kimya nikaingia bafuni kwangu kuangalia koki. Inavuja. Nimempigia fundi bomba, kasema anakuja kesho, na nyie mnaijua kesho ya fundi.